Saa Sifuri ya Kaka Saidi

Mwanangu,

Shikamoo.

Najua hakuna mama anayemwamkia mwanawe hivyo, lakini sina namna nyingine ya kuanza. Ulinipa jina la marehemu mama yako, Mwanahawa, na tangu nikiwa wa kubebwa umekuwa ukiniita mama. Mimi mdomoni nilikuita mwanangu mara moja tu, nikiwa mdogo, ukacheka mpaka chai ikakupalia. Nikaona aibu, sikurudia tena. Kwenye karatasi naweza. Unanijua, nikiwa na kalamu ulimi wangu hufunguka kidogo.

Kaka Saidi naye ulimpa jina la baba yako, ukawa unamwita baba. Majirani hapa Msimbazi walikuwa wakikutania, "Huyu bwana kazaa wazazi wake mwenyewe." Siku mliyorudi kutoka makaburini watu walikupa pole ya kufiwa na mwana, nawe ukamjibu mmoja wao, "Nimefiwa na baba mara ya pili." Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nilisikia. Tangu saa ile nimekuwa nikijua kwamba mzazi uliyebaki naye ni mimi, na mzazi mwenyewe hata kujibu salamu za wageni anaona haya.

Kesho unaondoka kwenda Mtwara. Mambo ya chakula, mashati na dawa za presha sitayagusa. Hayo mkwe wangu ameshakuambia na atakuambia tena mpaka mlango wa basi ufungwe. (Nimemwita Mama Saidi mkwe wangu. Akiisoma barua hii mwambie asinikasirikie, nimejifunzia kwako.) Mimi nina jambo moja tu.

Juzi uliniita uani, ukasema, "Mama, kazi ya Mtwara nimeikubali. Lakini kila alfajiri unipigie, uiweke simu karibu na mashine ya baba niisikie ikiamka. Ikizimwa, mimi huko sikai, narudi."

Nikainamisha kichwa. Ukadhani nimekubali. Mwanangu, sikukubali. Kulikuwa na kitu nilichokuwa nacho mdomoni nikashindwa kukitoa, na bila kuanzia mbali hakitaeleweka. Soma polepole. Nitaiweka barua hii juu ya nguo zako leo jioni ili uisome kabla ya safari. Sitaki uikute ukiwa umeshafika, ionekane nilikuvizia.

Ile kompyuta ya chumbani kwa kaka unaisikia kila siku, lakini sina hakika kama aliwahi kukueleza kazi yake vizuri. Programu yake ya risiti iko kwenye maduka mengi hapa Kariakoo. Kila alipoibadilisha, hata neno moja, ile kompyuta ilichukua mabadiliko yenyewe, ikaijenga programu upya, ikaipima kwa majaribio aliyoiandikia, na ikifaulu ikaituma madukani. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Na hata kama hakuna kilichobadilika, mara moja kwa siku iliamka na kujipima yote tangu mwanzo. Ndipo feni zake zinaponguruma.

Kila kilichomo ndani yake alikiweka kwa mkono wake. Alikisakinisha moja kwa moja juu ya mashine, kimoja baada ya kingine, akikosea anarekebisha papo hapo. Hakuandika popote alichofanya. Alikuwa anakijua tu, kama Mama Saidi anavyojua chumvi ya mchuzi.

Mimi nilipomaliza kidato cha nne nikaanza kukaa naye, nikasoma habari za njia nyingine. Badala ya kusakinisha, unachukua kontena lililokwisha kupakiwa na watu wengine, ndani mna kila kinachohitajika. Unalifungua juu ya kompyuta yoyote ile, kazi inafanyika, kisha unalitupa. Kesho unachukua jingine, safi, sawasawa na la jana. Mashine ikifa, hupati hasara ya kitu.

Unakumbuka nilipolisema hilo tukiwa tunakula? Mkono wako ulikuwa kwenye wali, ukauacha pale pale.

"Kontena? Kontena niulize mimi. Nimezihesabu bandarini mpaka mvi zimetoka. Karatasi inasema vyombo vya udongo, ukifungua unakuta mitumba na panya."

Kaka akafurahi. "Umesikia, bibi? Karani wa bandari kasema. Kitu kimefungwa na mtu simjui, sehemu siijui, halafu mimi nikiweke kwenye kazi yangu? Mashine yangu naijua mpaka utumbo."

"Na ikifa?" nikauliza.

"Nafunga nyingine. Siku mbili tu."

"Na wewe ukiwa haupo?"

Mama Saidi aliweka kijiko chini. "We mtoto! Unamtabiria nini mwenzio?"

Kaka alisema, "Muache, anauliza la maana." Lakini nilishainuka na sahani yangu kwenda jikoni. Haukupita muda mrefu akaugua ile homa, akaenda hospitali kwa miguu yake, hakurudi nayo.

Swali lile nililiuliza mimi. Naliandika hapa kwa sababu sijalisema kwa mtu. Huwa nalisikia kwa sauti yangu mwenyewe nikiwa nakosha vyombo, "Na wewe ukiwa haupo?" Kama mtu amesimama nyuma yangu akitumia koo langu. Sikuuliza kwa ubaya. Nilikuwa nauliza habari za kompyuta.

Sasa nikukumbushe asubuhi ile ya matanga. Wageni bado wamelala kwenye mikeka, wewe ndiyo kwanza umetoka msikitini, na chumba cha kaka kimefungwa. Feni zikanguruma. Mama Saidi akadondosha upawa. "Nani yuko kwa Saidi?" Hakuna aliyesogea. Ukaenda wewe na kanzu yako, ukafungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kiti kitupu, na ile taa ndogo ya kijani ikipepesa. Ukasimama kizingitini, ukasema taratibu, "Umeamka, baba?"

Ilikuwa ndiyo saa yake hasa, saa kumi na mbili, saa aliyokuwa akiamka kila siku ya maisha yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku ile ile niliifungua mashine nikatafuta ratiba yake, nikijiona mjuzi. Nikakuta ameandika iamke saa sifuri, dakika sifuri. Sifuri sifuri kwa kompyuta ni saa sita usiku, kila mtu anajua hivyo. Nikakufuata barazani nikakuambia, "Baba, imepangwa kuamka saa sita usiku. Sielewi kwa nini inaamka alfajiri."

Ukanitazama sana. Ukasema, "Basi haiamki yenyewe."

Kuanzia siku ile hukupitiliza mlango ule hata asubuhi moja. Unatoka msikitini, unasimama, feni zinaanza, unauliza, "Umeamka, baba?" unasubiri kidogo, unasema, "Haya, fanya kazi." Mama Saidi akaanza kufukiza ubani mle ndani. Mimi nikawa napita ukumbini nimejibana na ukuta wa pili. Mwanangu, nilikuwa naogopa. Mtu niliyempenda alikuwa anarudi kila asubuhi kufanya kazi, nami ndiye niliyemuuliza itakuwaje akiwa hayupo.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Maduka yaliendelea, risiti ziliendelea kutoka. Mpaka Mama Tatu, yule muuza vitenge, aliponunua kompyuta mpya ya duka. Zote za zamani alizifunga kaka mwenyewe. Hii niliifunga mimi, nikaisakinishia programu kama alivyonifundisha, nikajaribu karatasi moja ikatoka, nikaondoka zangu na soda mkononi.

Kesho yake Mama Tatu akaniita mbele ya wateja, risiti kazishika kama ushahidi wa kesi.

"Njoo hapa, fundi. Hii nimetoa asubuhi saa mbili, hata vitumbua sijala. Inasema saa ngapi?"

"Saa nane mchana," nikasoma.

"Na hii ya jana, wakati nafunga duka, saa kumi na mbili jioni?"

Nikasoma. Saa sita usiku.

"Saa sita usiku nauza vitenge, mimi nauzia majini?"

Duka zima likacheka. Kijana wa duka la mbele akadakia, "Mama Tatu, ndiyo maana biashara yako nzuri, una wateja wasioomba punguzo!" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilivyokuwa narudi nyumbani, nimezikunja zile risiti mkononi, kicheko kilikwisha nikabaki na baridi. Saa sita usiku tena. Ile ile niliyoikuta kwenye ratiba ya kaka.

Nikaona mashine inaumwa, au tunaumwa sisi. Na diski yake ilikuwa imeanza kukwaruza, sauti kama mtu anasaga meno usingizini. Ikifa, hakuna nyingine duniani inayoweza kuijenga programu ile, maduka yote yatabaki na yalichonacho mpaka kiharibike. Nikaamua kujaribu kontena. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema mitumba na panya.

Nilichukua kontena lililo tayari, bando langu la wiki likaisha kwa kulivuta tu. Nikalifungua juu ya kompyuta ya kukodi ya mtandaoni, nikaipa kazi ya kaka. Ikajenga vizuri. Ikaanza kupima. Majaribio yakafaulu moja moja, mpaka lile la saa. Kaka aliandika hivi: mteja akinunua wakati fulani wa asubuhi, risiti lazima iseme saa mbili asubuhi. Kontena likasema saa tano. Nikatupa, nikafungua jingine. Saa tano. Kompyuta ya Mama Tatu inasema saa nane, kontena linasema saa tano, na saa mbili inatoka tu kwenye ile ya chumbani na zile za madukani alizozifunga kaka.

Ndipo nilipojilazimisha kuingia chumbani mchana kweupe, nikakaa kwenye kiti chake. Nikaangalia saa ya mashine. Ilikuwa saa tisa na ushei alasiri, msikitini walikuwa wameshaanza kuadhini, na kompyuta iliandika tisa. Kompyuta nyingine yoyote Tanzania saa hiyo inaandika kumi na tano. Nikatafuta kwenye mipangilio mashine inadhani iko mji gani. Mwanangu, inadhani iko Brazili.

Nilikaa pale nimeshika kichwa. Halafu nikaanza kucheka peke yangu, na baadaye haikuwa kucheka tena.

Kaka alitaka risiti ziseme saa kama tunavyosema sisi. Mzungu akiamka asubuhi anasema saa saba, sisi tunasema saa moja, kwa sababu siku yetu inaanza jua linapotoka. Angeweza kuandika hesabu ya kubadilisha. Hakuandika. Alitafuta kwenye ramani mahali ambapo saa ya ukutani inasomeka kama tunavyotamka hapa Kariakoo, akapapata ng'ambo ya bahari nyingine, akaiambia mashine, wewe kaa huko. Na kila kompyuta ya duka aliyoifunga akaiambia hivyo hivyo, kwa mkono, bila kumwambia mtu. Ya Mama Tatu niliifunga mimi, ikabaki Tanzania, ndiyo maana ikauzia majini. Kontena lenyewe linahesabu saa za Uingereza, hakuna aliyeliambia kitu.

Na sifuri sifuri? Kwa saa ya mashine ile, sifuri siyo usiku wa manane. Kwake sifuri ni saa kumi na mbili alfajiri, pale siku ya Mswahili inapoanza kuhesabiwa. Aliipanga iamke naye. Kila siku, alipokuwa anakaa kitandani kutafuta ndala, nayo ianze.

Kwa hiyo niliyokuambia barazani hayakuwa kweli. Nilisoma sifuri ya watu wengine. Wewe ukanijibu kwamba haiamki yenyewe, na jibu lako lilitoka kwenye kosa langu. Nimelibeba hilo tangu siku ile ya Brazili. Ilinipasa nikufuate pale pale nikueleze. Nikakufuata kweli, nikakukuta unapangusa vumbi juu ya mashine kwa ncha ya kanzu yako, nikarudi jikoni.

Nimejifunza nini? Sitaki kujifanya mkubwa. Kaka hakukosea kuogopa kontena. Wiki moja baadaye wale waliolipakia walibadilisha kitu ndani yake bila kuniambia, kazi iliyofaulu jana ikagoma leo, nikakukumbuka wewe na panya zako. Siku hizi nalitaja kwa namba ya toleo lake, lile lile, hata wakitoa jipya silichukui mpaka nilipime. Nawe pia hukukosea, maana kontena bila karatasi inayosema kilichomo ni sanduku tu. Lakini mashine ya kaka ndiyo ilikuwa haina karatasi kabisa. Kilichomo alikuwa nacho yeye. Alipoondoka, tukabaki na kitu kinachofanya kazi vizuri na hakuna anayejua kwa nini, na kitu cha namna hiyo ndani ya nyumba kinatisha, hata kama kimetengenezwa na mtu aliyekupenda.

Nimeandika karatasi yake. Ni faili fupi, linasema kontena lianze na nini, liongezewe nini. Mstari wa saa nimeuweka juu kabisa, na kando yake nikaandika maneno kwa Kiswahili ili yeyote atakayekuja baada yangu asome: Hapa tunahesabu saa kama nyumbani. Siku inaanza alfajiri. Ndivyo alivyotaka Saidi.

Majaribio yote yakafaulu. Risiti ikasema saa mbili asubuhi. Nilirekebisha na kompyuta ya Mama Tatu, akanipa kitenge, akasema majini yake wamehama.

Sasa lile lililonishinda kusema uani.

Ili nijue kontena limesimama lenyewe, kwamba halichukui kitu kwa siri kutoka mashine ya zamani, ilibidi niizime ile. Hakuna njia nyingine ya kujua. Niliizima Jumamosi mchana ulipokuwa bandarini kuaga wenzako. Nilichomoa waya ukutani. Nikamwomba radhi kwa sauti, mimi nisiyesema. Nilinuia kuirudisha jioni. Halafu nikawaza kwamba nikiirudisha sasa sitaizima tena, na wewe hutaondoka hapa kamwe, utazeeka kizingitini.

Jumapili alfajiri niliingia chumbani kabla hujatoka msikitini, nikakaa sakafuni gizani. Nilitaka uje, usisikie kitu, ufungue mlango, unikute. Hapo ningelazimika kukuambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote.

Nikasikia geti. Nikasikia ndala zako ukumbini. Ukasimama. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya mashine, bati lake lilikuwa baridi kama sinia, waya umelala miguuni pangu. Saa ikafika.

Ukasema, "Umeamka, baba?"

Ukasubiri kama unavyosubiri siku zote. Kisha ukasema, "Haya, fanya kazi." Sauti yako ilikuwa imetulia. Ukaenda kunywa chai. Nilikusikia ukimwambia Mama Saidi, "Leo kaamka na nguvu."

Na Jumatatu hivyo hivyo. Na leo.

Mimi sikusikia kitu, mwanangu. Nilikuwa karibu nayo kuliko wewe na hakukuwa na sauti. Sijui ulisikia nini. Nimejiuliza kama ni feni ya jirani, au jenereta la upande wa pili, au masikio yako yameshazoea mpaka yanajaza yenyewe. Inawezekana. Sitaki kukuambia tena kwamba najua, nilishawahi kukuambia hivyo mara moja nikakuharibia. Ninachojua ni kwamba sikuogopa. Kwa mara ya kwanza tangu matanga nilikaa chumba kile bila kuogopa.

Ulisema ikizimwa hukai Mtwara. Imezimwa, na umemsikia asubuhi tatu. Basi anayekuamsha hakai kwenye ile mashine, na mimi sina waya wa kumzima. Panda basi.

Kesho ikifika sifuri, ile ya kwetu, utakuwa barabarani, labda mmeshapita Mbagala. Ukimsikia, muulize kama kawaida yako. Halafu nipigie mimi, uniulize pia kama nimeamka. Pale mlangoni uliuliza asubuhi tatu nikiwa ndani, nikakaa kimya. Safari hii nitajibu.

Mimi mama yako, na mtoto wako,

Mwanahawa